Kabla ya Pedali Nyingine, Jenga Ubao

Nina mazoea ya kutazama miguu. Nikiwa ibadani hapa Geita mjini, au kwenye sendofu kule Katoro, macho yangu hayakai kwa mwimbaji. Yanashuka hadi sakafuni, mbele ya mpiga solo na mpiga besi, kwenye lile fungu la nyaya na vile visanduku vya chuma vya rangi rangi tunavyoviita pedali. Ninachokiona hakibadiliki wiki hata wiki. Wimbo umekolea, kina mama wamesimama na vitambaa mkononi, mara gitaa la solo linakatika. Kijana anapiga magoti katikati ya wimbo. Anagusa waya huu, anausukuma ule, anachomoa adapta na kuirudisha. Wenzake wanarudia kiitikio mara ya tatu, mara ya nne, wakimsubiri. Sauti ikirudi, inarudi na mkoromo ambao hautoki tena mpaka mwisho wa ibada.

Ukimfuata nje baadaye umuulize shida ni nini, jibu nalo halibadiliki: "Kaka, nikipata pedali moja nyingine tu, nitakaa sawa."

Nasema hatakaa sawa. Pedali ya tano juu ya nyaya mbovu ni tatizo la tano. Wanachokosa vijana wetu wa magitaa ni ubao: kipande imara cha mbao au aluminiamu ambacho pedali zote zimefungwa juu yake kwa mpangilio unaoeleweka, nyaya fupi zilizolehemiwa vizuri, umeme safi unaozilisha zote, na kifuniko. Tena ubao huo hauna haja ya kuagizwa popote. Mkoa huu umejaa mafundi wa kuchomelea, mafundi umeme waliokulia migodini, maseremala na mafundi redio. Wote hao wanaweza kuuanza Jumatatu asubuhi.

Gitaa limetulea

Kuna atakayeuliza: ada za shule zinadaiwa, mpunga haujauzwa, na wewe unatuandikia habari za pedali? Naam, naziandika, kwa sababu Kanda ya Ziwa imelelewa na gitaa. Kule Shirati, mkoani Mara, ndiko alikozaliwa D.O. Misiani mwaka 1940, akavuka mpaka kwenda Kenya na kuwa nguzo ya benga akiwa na Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka 2006. Kwaya za Kanisa la AIC, kuanzia Makongoro ya Mwanza hadi Shinyanga, zimewazoesha wazazi wetu kwamba Injili inaweza kubebwa na solo, rizimu na besi. Mtoto wa Geita akishika gitaa leo, mara nyingi analishika kanisani kwanza, kisha analipeleka harusini, na harusini ndiko linakomletea unga nyumbani.

Kuna jambo jingine, nalo ni la umiliki. Zamani za muziki wa dansi, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa na vyombo vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la umma la usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mpigaji akihama bendi, aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa, amplifaya na kila kilichompa sauti yake vilibaki nyuma. Kijana wa leo yuko tofauti. Amplifaya na spika ni za kanisa au za mwenye ukumbi, lakini gitaa na pedali ni zake, kazinunua moja moja kwa fedha ya vibarua. Sauti yake imekuwa mali anayoweza kuibeba. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sasa yeye fimbo anayo mkononi. Kwa nini basi aitupe sakafuni ikanyagwe na watoto wa sunday school?

Na sauti hiyo ina safari yake. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, akiwemo Mbaraka Mwinshehe, ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70. Miaka miwili baadaye, katika mji huo huo wa Osaka, ilianzishwa kampuni ya Roland. Mwaka 1976 chapa yake ya Boss ikatoa CE-1, pedali ya korasi, na mwaka uliofuata zikaanza kutoka zile pedali ndogo za rangi zinazotosha kiganjani, ambazo mpaka leo ndizo kila mpigaji wa hapa anazozitamani. Korasi inachukua sauti moja ya gitaa, inatengeneza nakala yake, inaichelewesha kidogo mno na kuiyumbisha, kisha inaichanganya na ile ya awali. Matokeo yake ni ule mng'ao ulioenea katika magitaa ya Wakongo wa miaka ya 1980, ambao kwaya zetu ziliupokea na kuufanya wa kwao. Ukiusikia, unakumbuka maji ya ziwa saa kumi na moja jioni. Nikifikiri kwamba mng'ao huo unazimwa na waya mmoja mbovu wa sentimita 15, naumia kweli.

Karasha kwanza, mwalo baadaye

Anayeishi Geita haelezwi umuhimu wa mpangilio kwa mifano ya mbali. Mawe hutoka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, yakapita kwenye karasha, yakasagwa yakawa unga, unga ukapelekwa mwaloni kuoshwa, ndipo kazi ya kuchenjua ikaanza. Nani amewahi kumwaga mawe mazima mwaloni akatarajia dhahabu? Hatua ni zile zile, lakini ukizipindua unapoteza jasho la siku nzima.

Sauti nayo ni hivyo. Inatoka kwenye gitaa ikiwa ghafi na dhaifu, na kila pedali inakifanyia kazi kile ilichoachiwa na pedali iliyotangulia. Tyuna hukaa mwanzo kwa sababu inataka kusikia uzi ulivyo, bila mapambo. Inafuata kompresa, ambayo hushusha noti zilizopigwa kwa nguvu na kuinua zile hafifu, ili solo isipotee kwaya nzima inapofungua kinywa. Kama unatumia ovadraivu, ile pedali ya kukwaruzisha sauti, mahali pake ni hapo. Halafu korasi. Mwangwi, yaani dileyi, unakuja karibu na mwisho, na riveba inayoipa sauti ukubwa wa jengo hufunga mstari.

Geuza uone. Weka mwangwi kabla ya ovadraivu: ovadraivu itasaga noti pamoja na miangwi yake yote, na kinachotoka ni uji ambao hakuna mwimbaji anayeweza kuufuata. Nimewasikia vijana wakilaumu pedali kwamba ni feki, kumbe wameosha kabla ya kusaga. Sisemi mpangilio huu ni amri. Wapo wapigaji wakubwa duniani wanaoupindua kwa makusudi na kupata sauti zao. Lakini wao wanajua wanachokivunja.

Kwa solo ya kwaya zetu, maoni yangu ni kwamba pedali nne zinatosha kabisa: tyuna, kompresa, korasi na mwangwi. Mwangwi wenyewe utegwe kwa hesabu. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila milisekunde 500, basi tega mwangwi hapo, au kwenye 375 ukitaka ule mrejeo unaojibizana na noti zako. Ukiuacha uanguke popote, utakuwa unapigana na mpiga ngoma wimbo mzima, na msikilizaji atahisi mguu wake unakosa pa kukanyaga bila kujua sababu.

Mpiga besi namwonea huruma zaidi, kwa sababu huiga ubao wa solo. Ndugu yangu wa besi, kazi yako ni nguzo. Kompresa nzuri na tyuna vinatosha, na kama umebaki na fedha, nunua kile kisanduku cha kuunganisha besi moja kwa moja kwenye miksa. Ovadraivu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa hukata sauti za chini, na besi isiyo na chini ni nyumba isiyo na msingi.

Jambo dogo la mpangilio ambalo wengi wanalisahau ni kiatu. Pedali nyingi huingiza waya upande wa kulia na kuutoa kushoto, hivyo mstari hutambaa kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini kabla hujazigandisha, simama mbele yake ukiwa umevaa viatu vya sare ya kwaya, vile vya Jumapili, ukanyage kila moja bila kugusa jirani yake. Ukipima nafasi ukiwa na kandambili nyumbani, utajuta madhabahuni.

Volti 9 zinazounguza

Sasa nifike kwenye umeme, maana hapa ndipo fedha ya vijana inapoteketea.

Pedali nyingi hutumia volti 9, na tundu lake la umeme lina ncha hasi katikati. Adapta nyingi za ruta za intaneti na za kamera za ulinzi zina ncha chanya katikati, na kichwa chake huingia kwenye pedali bila shida yoyote. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilo. Ilikuwa Jumamosi jioni, adapta yangu imekufa, kesho yake kuna ibada; nikachukua adapta ya ruta iliyokuwa sebuleni. Haikupita nukta moja, ikafuata harufu. Ile ilikuwa pedali ya mwangwi niliyoinunua kwa akiba ya miezi, na mke wangu alijua vizuri akiba ile ilikuwa imeahirisha nini. Fundi redio aliniambia diodi ya ulinzi imejitoa mhanga lakini haikuweza kuokoa kilichokuwa nyuma yake. Tangu siku hiyo kila adapta nyumbani kwangu ina kipande cha plasta kimeandikwa volti, miliampea, na ncha ya katikati ni ipi.

Miliampea nazo zihesabiwe. Ovadraivu ya kawaida inakula kidogo sana, mara nyingi chini ya miliampea 20. Pedali za kidijitali, kama dileyi na riveba za siku hizi, zinaweza kula 100 hadi 300 kila moja. Kijana anachukua adapta moja ya miliampea 500, anaigawa kwa waya wenye vichwa vitano, jumla ya mahitaji inafika 600, halafu anashangaa mwangwi unazimika ukifika ubeti wa pili. Tena hata jumla ikitosha, pedali ya kidijitali ikichangia waya mmoja na za kawaida huziletea mluzi na kelele za ndani yake. Dawa ni kigawa umeme chenye njia zilizotengana, au walau adapta mbili: moja ya kidijitali, nyingine ya zilizobaki.

Na ule mkoromo? Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi ukiwa wazi unatoa E, mizunguko 41 hivi. Bonyeza freti ya tatu upate G, mizunguko 49. Maana yake mkoromo wa umeme umekaa ubavuni mwa G ya besi, juu yake kidogo tu, na pacha wake wa mizunguko 100 amekaa ubavuni mwa G ya uzi mnene wa gitaa. Piga wimbo katika G mahali penye umeme mchafu: kuna mpiga besi wa pili asiyeonekana, aliyeharibika tyuning, anayepiga noti moja tangu salamu hadi baraka. Ndiyo maana kwaya inasikika kama imeshuka ufunguo hata kama waimbaji hawana kosa.

Kwa mazingira yetu mimi napendelea betri. Si kwa ajili ya giza; umeme ukikatika amplifaya nayo inanyamaza mpaka jenereta iwashwe. Napendelea betri kwa sababu ya usafi wake, na kwa sababu umeme ukishuka na kupanda haugusi pedali zako. Chukua ile betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 inayowekwa kwenye UPS na kengele za ulinzi. Tumia nusu tu ya uwezo wake ili isife mapema, shusha volti hadi 9 kwa kile kibao kidogo cha kushushia ambacho fundi redio yeyote anakijua, na ubao unaokula miliampea 500 utafanya kazi karibu saa 8. Hiyo ni ibada, chakula cha mchana, na harusi ya jioni. Kibao cha kushushia kikitoa mluzi, fundi aongeze kapasita ya kuchuja. Uzito wa betri ni kilo mbili na ushei, nao ukikaa chini ya ubao unausaidia usiteleze.

Maiki inayong'ata

Wapigaji wa hapa wanalizoea jambo ambalo halifai kuzoeleka: midomo ikigusa maiki huku mkono uko kwenye nyuzi, mtu anapigwa shoti. Wanacheka, wanafunga kitambaa kwenye maiki, wanaendelea.

Wasicheke. Mei 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, aligusa maiki isiyo na waya wa ardhi (ethi) mjini Swansea akiwa na gitaa lake, akafa jukwaani mbele ya watu. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa na umeme wa gitaa nyumbani kwake. Hao walikuwa na vifaa vya nchi zilizoendelea. Sisi tuna ekstenshen iliyounganishwa kwa seloteepu, plagi ya pini mbili iliyosukumizwa kwenye soketi ya pini tatu kwa msaada wa kijiti cha biro, na jenereta iliyosimamishwa kwenye matope nje ya dirisha.

Baya zaidi ni ile tiba ya mtaani ya kuondoa mkoromo kwa kukata waya wa ardhi. Mkoromo unapungua, ni kweli, na kinga ya mwisho kati ya umeme na moyo wa mpigaji inaondoka pamoja nao. Hakuna mchimbaji anayekubali kung'oa matimba ya duara ili apate nafasi ya kupitisha ndoo. Mbona kwenye muziki tunang'oa? Vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme kutoka soketi moja yenye ardhi iliyopimwa; hilo peke yake huondoa sehemu kubwa ya mkoromo, kwa sababu mkoromo mwingi hutokana na vyombo vilivyofungwa kwenye ardhi mbili tofauti. Geita ina mafundi umeme wengi kwa sababu ya migodi, wakubwa na wadogo. Kanisa ambalo halina hata mmoja kwenye viti vyake ni nadra. Aitwe siku moja na mita yake, kabla ya ibada.

Kazi ya mafundi wetu

Ubao wenyewe ni rahisi kuliko maneno yake. Mimi nashauri urefu wa sentimita 55 na upana wa 30, usizidi hapo, kwa sababu lazima ukae kwenye bodaboda kati ya dereva na abiria, na uingie kwenye keria ya basi la Mwanza. Mninga unapendeza, lakini mzigo wake utaujua ukifika Nyarugusu. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha. Nzuri kuliko zote ni aluminiamu. Pita kwa mafundi wanaotengeneza madirisha ya kisasa, uombe vipande vinavyobaki. Vipande vinne vya sentimita 55 vilivyopangwa na kuachiwa nafasi katikati vinakupa ubao mwepesi usiooza, na nyaya zinapita kwenye zile nafasi zikajificha chini. Nyuma unyanyuliwe sentimita 5 au 6 kuliko mbele, ili mguu ufikie pedali za mstari wa pili. Betri kama ile itahitaji miguu mirefu zaidi au ilazwe ubavu, basi pima kwanza. Pedali zishikwe kwa ile tepe ya kunata na kubanduka, kama ya viatu vya watoto, ili zitoke zinapohitaji matengenezo.

Nyaya fupi ndizo zinazoua sauti kwa siri. Kila mita ya waya wa gitaa ina takriban pikofaradi 100, na gitaa lenyewe ni dhaifu mno kusukuma mita nyingi. Kadiri waya unavyorefuka, ndivyo mng'ao wa noti za juu unavyomezwa. Bandu bandu huisha gogo: mita 6 kutoka kwenye gitaa, nusu mita hapa, nusu mita pale, mita 6 tena kwenda kwenye amplifaya, na solo iliyokuwa iking'aa imevikwa blanketi. Pedali moja nzuri yenye bafa, yaani saketi ya kuipa sauti nguvu, mwanzoni mwa mstari huisaidia sana, lakini kwanza punguza urefu. Nunua jeki bora na waya wa kukata, umpelekee fundi redio. Akulehemie nyaya za sentimita 15, apime kila mmoja kwa mita, auvute na kuupinda wakati anapima. Waya wa dukani uliogandishwa kichwa chake kwa plastiki ukikatika ndani hauna matibabu. Uliolehemiwa na fundi unafunguka na kutibiwa kwa dakika tano.

Zipo jeki zinazouzwa ghali kwa sababu zimepakwa dhahabu. Ni kweli dhahabu haishiki kutu, nasi ambao soko letu la dhahabu lilifunguliwa mwaka 2019 kabla ya masoko mengine ya madini nchini tunapenda kusikia hivyo. Lakini jeki ya kawaida iliyobana vizuri na kufutwa vumbi inashinda ya dhahabu iliyolegea.

Vumbi! Vumbi jekundu la barabara zetu linaingia kwenye swichi za pedali na kwenye vitufe vya kuzungusha, linaanza kukwaruza, na baada ya misimu miwili ya kiangazi pedali nzima inauzwa kwa bei ya kutupa. Mfuniko wa plaiwudi, au mfuko wa turubai lile lile linalofunika mitambo migodini, unaongeza miaka kwenye maisha ya kifaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe ni tundu la upana wa ukucha.

Fedha hii ni ya nani?

Najua hoja zinazokuja. Ya kwanza: kuna mashine moja yenye efekti zote ndani, kwa nini uhangaike? Ni hoja ya haki, na kwa anayeanza naiunga mkono. Mashine moja inapunguza nyaya na inafundisha sikio. Lakini nayo inataka adapta sahihi, ardhi, kifuniko na mahali pa kukaa. Mashine ya efekti 60 iliyolala kwenye zulia na waya wake ukining'inia inakufa kama nyingine yoyote.

Hoja ya pili naiheshimu zaidi. Wazee husema sauti iko kwenye vidole. Jean Bosco Mwenda wa Katanga alipiga gitaa kavu peke yake, akawashangaza watu kwa miongo bila kisanduku chochote mguuni. Ni kweli kabisa. Lakini kijana wa leo amekwishanunua visanduku. Fedha imekwishatoka nyumbani. Swali lililobaki ni kama fedha hiyo itaishi miaka kumi au mwaka mmoja.

Na fedha hiyo ni ya watu wengi kuliko mpigaji. Ninazijua nyumba ambazo gunia la mpunga liliuzwa mapema, kabla bei haijapanda, kwa sababu pedali ilikuwa inauzwa Mwanza na mwenye nayo hakutaka kusubiri. Najua mpigaji aliyekatwa nusu ya malipo ya harusi kwa sababu gitaa lilikaa kimya wakati maharusi wanaingia. Ile nusu ilikuwa kodi ya chumba. Unapomwona anapiga magoti na kutafuta waya, kuna mtu nyumbani ambaye chakula chake kinatafutwa pale sakafuni.

Kwa hiyo kamati za kwaya nazo zinahusika. Tunachangishana kwa bidii kununua spika kubwa zinazosikika mpaka barabara kuu, na katika bajeti hiyo hakuna hata shilingi ya nyaya. Mwakani itengwe kidogo: jeki, waya, lehemu, na ujira wa fundi wa kweli. Liandikwe pia daftari linaloonyesha kipi ni cha kanisa na kipi ni cha kijana mwenyewe, kwa jina na namba ya kifaa, maana mali bila daftari huisha bila habari, na nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu ya pedali moja ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliinunua. Vijana wanaosoma umeme na uchomeleaji VETA wakipewa kazi ya mbao kumi za pedali, watazimaliza, na watakuwa na wateja kuanzia Chato hadi Kahama. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata Mwanza imesogea; hakuna tena foleni ya kivuko kati ya fundi wa Geita na mteja wa ng'ambo.

Yule kijana wa "pedali moja nyingine" nilimpeleka kwa fundi wa madirisha wiki tatu zilizopita. Vipande vya aluminiamu tulipewa bure. Fundi redio amelehemu nyaya tano, mmoja ulikataa kwenye kipimo akaurudia. Betri imelala chini ya ubao, imefungwa kwa mkanda wa mpira wa baiskeli. Kilichobaki ni mfuko wa turubai, na kazi hiyo ameichukua mama yake, mwenye cherehani. Juzi alikuja kupima. Alipima kwa pindo la kanga, urefu, upana, kimo cha nyuma, kisha akauliza kama ule mkanda wa begani apitishe mara mbili, maana mwanawe akipanda bodaboda usiku kutoka Katoro mkono mmoja lazima umshike dereva.